Mkwe wa miaka 9: kaya ya mfumaji wa Lancashire katika sensa za 1841, 1851 na 1861

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Uingereza na tunaishi Burnley, Lancashire. Ukoo wa mume wangu unatoka mji jirani wa Colne, na wanetu wameanza kuuliza habari za mababu. Tumepata kurasa tatu za sensa. Ya 1841 ina mwanamume wa miaka 35, "H L W", mwanamke wa miaka 35 asiye na kazi, watoto wa miaka 10, 7 na 3, na kijana wa miaka 20 mwenye jina lilelile la ukoo, naye "H L W". Ya 1851 inasema yule bwana ana miaka 47, bado "H L W", ila mke ana jina jingine na miaka 38. Mtoto mkubwa hayupo. Wa pili ana 17, "P L W". Binti aliyekuwa na 3 sasa ana 12, "Winder". Kuna mtoto mchanga wa miaka 2, halafu kuna mvulana wa miaka 9 mwenye jina la ukoo tofauti kabisa, ameandikwa "Son-in-law" na "Scholar". Ya 1861 bwana hayupo, mke ndiye "Head", mjane, miaka 45. Yule mvulana sasa ana 19 na ameandikwa "Son", kazi "Cotton weaver", na binti wa miaka 22 ameandikwa "Daur-in-law", tena hajaolewa. Mdogo wao ana 12, "Half timer". Wamo na wapangaji wawili. Mtoto wa miaka 9 anaoaje? Au tumeshika familia ya watu wengine? Na 1871 hatuwaoni kabisa.

JIBU: Dada, familia ni yenu, au kwa uchache ushahidi ulionao unaelekea huko vizuri kuliko unavyodhani. Nianze na huyo mkwe wa miaka 9, maana naona ndiye aliyewanyima usingizi.

Hajaoa mtu. Kiingereza cha wakati wa Malkia Victoria kilitumia neno hilo moja kwa watu wawili: mume wa binti yako, na mtoto ambaye mwenzi wako alimzaa kabla ya kukuoa au kuolewa nawe. Sisi tuna mkwe, na tuna mtoto wa kambo, hatuwachanganyi. Wao waliwatia kapu moja kwa sababu wote wawili ni watoto wako kisheria, si kwa damu. Neno mahususi la mtoto wa kambo lilikuwapo hata wakati huo, lakini makarani wengi hawakujisumbua nalo. Kwa hiyo mvulana huyu alikuja na mama yake. Yule mke wa miaka 38 si mke wa 1841 aliyebadilisha jina. Ni mke wa pili, na kabla ya hapo inaelekea alikuwa mke wa mtu mwingine.

Sasa tazama kilichotokea 1861, maana hapa ndipo kurasa zenu zinapopendeza. Safu ya uhusiano haisemi mtu ni nani kwa wote waliomo nyumbani. Inasema ni nani kwa mkuu wa kaya, basi. Mwaka 1851 mkuu wa kaya ni bwana mfumaji, hivyo binti ni mtoto wake na mvulana ni wa kambo. Miaka 10 baadaye bwana amekufa, mkuu wa kaya ni mjane wake, na vibandiko vimebadilishana: mvulana ni mwanawe wa kumzaa, na binti ndiye amekuwa wa kambo. Watu ni walewale, wamekaa meza ileile, ila kiti cha mkuu kimekaliwa na mwingine. Karani hakuwa na wazimu. Tena amewafanyia hisani kubwa bila kujua: kwa kumwita binti wa kambo, amewathibitishia kwamba yeye ni mtoto wa mke wa kwanza, jambo ambalo ukurasa wa 1841 hausemi kabisa.

Hausemi kwa sababu sensa ya 1841 haina safu ya uhusiano. Ndiyo ya kwanza iliyoandika jina la kila mtu Uingereza nzima (hesabu zilianza 1801, lakini kwa jumla ya vichwa tu), na makarani walikuwa bado wanajifunza. Majina, umri, kazi, na kama mtu amezaliwa ndani ya mkoa huohuo au la, basi. Kwa hiyo unapomwona mwanamume wa 35 na mwanamke wa 35 wamefuatana, unadhani ni mtu na mkewe, na mara nyingi ndivyo. Lakini anaweza kuwa dada yake. Ninyi mna bahati kwamba 1861 imekuja kuwasaidia kwa nyuma.

Na umri wa 1841 una mtego wake. Makarani waliagizwa kwamba mtu aliyezidi miaka 15 umri wake ushushwe hadi kwenye tano iliyo chini yake. Mwenye 37 aandikwe 35, mwenye 24 aandikwe 20. Wengine walifuata agizo, wengine waliandika umri kamili, lakini karani wenu amefuata: tazama ukurasa mzima na utaona watu wazima wote wanaishia na 0 au 5. Ndiyo maana bwana wa 35 anarudi 1851 akiwa na 47. Hakuzeeka kwa miaka 12. 1841 alikuwa na 37 au 38. Na kijana wa 20 angeweza kuwa na umri wowote kuanzia 20 hadi 24, hivyo hawezi kuwa mtoto wa huyu bwana kwa urahisi. Mdogo wake, au mpwa. Mtafuteni 1851 kwenye kaya yake mwenyewe huko huko Colne. Safari hii mahali alipozaliwa pataandikwa kwa jina la parokia, na mkilinganisha na pa bwana mtajua.

Watoto wa chini ya miaka 15 hawakushushwa, na hapo pana kitu ninachotaka kukuonyesha kwa karibu. Sensa hazikufanyika tarehe moja. Ya 1841 ilikuwa usiku wa Jumapili tarehe 6 Juni, ya 1851 tarehe 30 Machi, ya 1861 tarehe 7 Aprili. Binti ana 3, kisha 12, kisha 22. Mtu wa haraka atasema karani amekosea, 3 na 10 ni 13. Lakini kati ya Juni 1841 na Machi 1851 miaka 10 haijatimia, bado miezi miwili na kitu. Ukichukua umri wote watatu kuwa kweli, kuna dirisha moja tu la kuzaliwa linalokubaliana nao: kati ya tarehe 8 Aprili na 6 Juni 1838. Miezi miwili! Na kwa kuwa uandikishaji wa vizazi na vifo kiserikali ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, huyu binti ni wa mwanzo mwanzo kabisa kuingia daftarini. Tafuta robo ya Aprili hadi Juni 1838, na ukimkosa tazama robo inayofuata, maana wazazi walipewa siku 42 za kuandikisha. Kaka yake wa miaka 7 alizaliwa mapema mno, yeye mtamtafuta kwenye ubatizo wa kanisa.

Mama wa kambo ana 38 halafu 45. Amepoteza miaka 3 njiani. Usimshuku. Alizaliwa wakati hakuna cheti, na mjane anapoulizwa umri na mtu mwenye kalamu mlangoni, anajibu anavyojisikia. Tofauti ya miaka miwili mitatu kwa mtu mzima haivunji utambulisho, mradi majina, mahali pa kuzaliwa na watoto vinakaa sawa. Tofauti ya namna hiyo kwa mtoto wa miaka 5 ingenitia wasiwasi zaidi.

Kabla sijaingia kwenye kazi zao, neno moja kuhusu karatasi yenyewe. Unakumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kule nyumbani, karani akauliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Mantiki ni hiyohiyo. Aliyelala ndiye anayehesabiwa. Kuanzia 1841 fomu ziligawiwa majumbani siku chache kabla, karani akazipitia kuzikusanya siku ya Jumatatu, na pale ambapo hakuna anayejua kuandika alizijaza yeye. Kisha alikwenda kunakili kila kitu kwenye daftari. Mnachokiona ni hilo daftari. Fomu za nyumbani za miaka hiyo karibu zote ziliteketezwa, hivyo msitafute mwandiko wa babu hapo. Jina likiwa limekosewa, linaweza kuwa limekosewa mara tatu: na aliyelitamka, na karani aliyelisikia, na karani huyohuyo alipokuwa ananakili usiku amechoka. Na ile mikwaju ya penseli juu ya umri na kazi ni ya makarani wa London waliokuwa wanajumlisha hesabu. Si sehemu ya maandishi. Nimeona watu wanausoma mkwaju kama tarakimu na kumzidishia mtu umri.

Sasa "H L W" na "P L W". Ya kwanza ni "hand-loom weaver", mfumaji wa kitanda cha mkono, ya pili ni "power-loom weaver", mfumaji wa kitanda cha mvuke. Tofauti ni herufi moja, na ndani ya herufi hiyo mmo maisha yote ya nyumba hii.

Mfumaji wa mkono wa Lancashire alifanya kazi nyumbani. Kitanda cha kufumia kilikuwa kikubwa kama kitanda cha kulalia chenye nguzo nne, na kwa wafumaji wa pamba mara nyingi kiliwekwa chini, kwenye chumba chenye sakafu ya udongo au kilichozama nusu ardhini. Si kwa kukosa mahali. Uzi wa pamba ukikauka unakatika, na unyevu wa ardhini unaushika. (Kule ng'ambo ya vilima, Yorkshire, waliofuma sufu walipanda juu ghorofani kufuata mwanga, ndiyo maana nyumba zao za zamani zina madirisha yamepangana mstari mzima juu.) Mkipita mitaa ya zamani ya vijiji vya Colne, tazameni madirisha ya chini yaliyo mengi kuliko chumba kinavyohitaji. Mara nyingi hapo palikuwa na kitanda.

Uzi haukuwa wake. Alipewa na tajiri, akaubeba hadi nyumbani, akaufuma, akarudisha kitambaa na kulipwa kwa kipande, kikiwa na kasoro anakatwa. Mtande, zile nyuzi za urefu, ulipakwa uji wa unga kabla haujafumwa ili usichanike. Mshindio, zile nyuzi za kukatiza, ulihitaji kusokotwa kwenye vijiti vidogo, kama bobini ya cherehani ila virefu zaidi, na mfumaji mmoja alivimaliza haraka kuliko alivyoweza kujisokotea. Nani alivijaza? Mke na watoto. Mtoto wa miaka 6 aliweza kazi hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza mke wa 1841 alikuwa "mama wa nyumbani tu", nakujibu hapana, na sikisii. Maagizo ya sensa ya 1841 yalisema wazi kwamba kazi ya mke, au ya mtoto anayeishi na wazazi na kuwasaidia bila mshahara wala uanagenzi, si lazima iandikwe. Safu ile imeachwa wazi kwa ruhusa. Nyumba yenye vitanda viwili vya kufumia, cha bwana na cha yule kijana wa miaka 20, ilihitaji mikono ya kusokota mshindio tangu alfajiri, na mikono iliyokuwapo ni ya huyo mama na mtoto wake wa miaka 10. Mwaka 1851 maagizo yalibadilika, wakataka kazi za kawaida za wanawake ziandikwe hata zikiwa za nyumbani, ila si shughuli za nyumba zenyewe. Makarani hawakulizingatia kwa usawa. Safu tupu mbele ya mwanamke kwenye sensa hizi usiisome kamwe kuwa ni mikono mitupu.

Pato la kazi hiyo lilikuwa linakwisha. Huko Bolton mfumaji wa mkono aliyekuwa akipata takriban shilingi 25 kwa wiki mwaka 1800 alikuwa chini ya shilingi 6 kufikia 1830. Sababu ni vitanda vya mvuke. Edmund Cartwright alisajili chake mwaka 1785, kikawa kibovu kwa muda mrefu, kisha kikatengemaa: Uingereza ilikuwa na takriban vitanda 2,400 vya mvuke mwaka 1813, takriban 100,000 mwaka 1833, na karibu 250,000 kufikia 1850. Wafumaji wa mkono wa pamba, waliokuwa karibu 240,000 miaka ya 1820, walishuka hadi chini ya 50,000 kufikia 1850. Bwana wenu ni mmoja wa hao waliobaki. Kwa umri wa miaka 47, kiwanda hakikumtaka sana, maana kitanda cha mvuke hakikuhitaji nguvu za mtu mzima na wenye viwanda walipendelea vijana na wanawake, waliolipwa kidogo. Basi angalia ukurasa wa 1851: baba bado yuko chini kwenye unyevu na kitanda chake, mwanawe wa miaka 17 anavuka barabara kwenda kiwandani, binti wa 12 anasokota uzi. Si ajabu kama siku ya malipo mtoto alileta nyumbani pesa nyingi kuliko baba. Ukurasa hausemi hivyo, lakini mimi ningemsomea shemeji ukurasa huo kwa namna hiyo.

Neno "Winder" kwa binti ni msokota uzi kwenye bobini. Peke yake halisemi kama ni kiwandani au nyumbani kwa baba. Kama ni kiwandani, kwa miaka 12 alikuwa bado chini ya sheria ya watoto: sheria ya viwanda ya 1844 iliruhusu mtoto wa kuanzia miaka 8 hadi 13 afanye kazi nusu siku, saa zisizozidi sita na nusu, na nusu nyingine aende shule. Ndiyo hiyo "Half timer" ya mdogo wao mwaka 1861. Asubuhi kiwandani na mchana darasani, au kinyume chake, na walimu walilalamika kwamba watoto hao wanasinzia. Kazi ya nyumbani haikuguswa na sheria hiyo hata kidogo. Kwa hiyo "Scholar" ya mvulana wa kambo ipokee kwa tahadhari. Mtoto wa zaidi ya miaka 5 anayekwenda shule kila siku ndiye aliyestahili neno hilo, lakini wazazi walilipenda, na hakuna kinachomzuia "mwanafunzi" wa miaka 9 kusokota mshindio wa baba wa kambo jioni.

Wapangaji wawili wa 1861 ni chakula cha mjane, kwa maneno mafupi. Nani waliokula na familia na nani waliojipikia, makarani walipewa maneno mawili ya kuwatofautisha na wakayachanganya. Tazama kazi zao: kama wote ni wa kiwandani, mjue nyumba ilikuwa karibu na kiwanda, na chumba cha kitanda cha kufumia kimegeuzwa cha kulala watu. Huo ni ukisiaji wangu, lakini kitanda cha marehemu kisingebaki pale kikila nafasi isiyolipa.

Na sasa 1871, ambako mmewapoteza. Tarehe ya sensa ya 1861 ni 7 Aprili. Siku tano baadaye, tarehe 12 Aprili, mizinga ilianza kulia Fort Sumter na Marekani ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Pamba ya viwanda vya Lancashire ilitoka Marekani ya kusini. Bandari zikazibwa. Kufikia mwishoni mwa 1862 karibu watu nusu milioni wa maeneo ya pamba walikuwa wanaishi kwa msaada. Karani alipokuwa anaandika "Cotton weaver" mbele ya kijana wa miaka 19, hakujua anaandika kazi itakayosimama muda si mrefu. (Vita hivyohivyo vilikata merikani Zanzibar. Ile nguo nyeupe isiyopaushwa iliyobebwa hadi bara kama fedha ilikuwa ya viwanda vya Massachusetts, na pamba ilipokosekana huko, nguo za Uingereza na za Bombay zikapata mwanya. Bibi zetu wa Tanga na hawa wa Colne walikosa kitu kimoja mwaka mmoja.)

Basi familia ya 1861 ilikuwa na sababu nzuri ya kutawanyika kabla ya 1871. Wengi walivuka vilima kwenda Yorkshire kwenye sufu, wengine walivuka bahari. Msiwatafute kama kundi. Binti kufikia 1871 angekuwa na 32 na inaelekea ameolewa, jina limebadilika, kwa hiyo tafuta kwanza ndoa yake kati ya 1861 na 1871. Mvulana wa kambo mtafuteni kwa jina lake la ukoo, si la familia. Mjane mtafuteni kwa jina la kwanza, mahali pa kuzaliwa na umri wa kati ya 52 na 60, mkiacha sehemu ya jina la ukoo wazi kabisa, maana anaweza kuwa ameolewa mara ya tatu. Akikosekana, tazameni vifo. Na yule kaka mkubwa aliyekuwa na 10 mwaka 1841 msimsahau: mama wa kambo au mdogo wa kiume anaweza kuwa amelala kwake usiku ule wa 2 Aprili 1871, ameandikwa "Visitor" chini kabisa ya ukurasa.

Jambo la kufanya kabla ya hayo yote, na ndilo litakalofunga kesi: yule mtoto wa miaka 2 wa 1851. Alizaliwa kati ya mwisho wa Machi 1848 na mwisho wa Machi 1849. Orodha ya vizazi kwenye tovuti ya ofisi kuu ya uandikishaji ya England na Wales inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya ndoa, hata kwa miaka hiyo ya mwanzo. Mkimpata, mtakuwa na majina mawili ya mke wa pili: la usichanani kutoka kwenye orodha, na la mume wa kwanza kutoka kwa mvulana wa kambo. Majina hayo yakitofautiana, alikuwa mjane alipoolewa, na ndoa yake na babu yenu mtaitafuta kwa jina la mume wa kwanza. Yakiwa mamoja, basi mvulana huenda alizaliwa nje ya ndoa na akachukua jina la mama. Mtaona pia kwenye orodha hiyohiyo kwamba kizazi chake hakina jina la mama lililoandikwa pembeni, ndivyo walivyowaweka watoto wa namna hiyo. Ikiwa hivyo, tafuteni namna nzuri ya kuwaambia wanenu, lakini waambieni.

Ndoa yenyewe iko baada ya 6 Juni 1841, kama mke wa kwanza ni yule mwanamke wa 35, na inaelekea kabla ya kuzaliwa mtoto huyo. Cheti cha ndoa cha wakati huo kitawapa majina ya baba wa bwana na bibi harusi pamoja na kazi zao. Mama hawakuandikwa, hilo lilirekebishwa 2021 tu. Kitasema kama bwana ni mgane na bibi ni mjane. Umri unaweza kuwa umeandikwa kwa neno tu kwamba ni watu wazima. Sajili nyingi za makanisa ya Lancashire zimenakiliwa bure mtandaoni na watu wa kujitolea, tafuteni mradi uitwao Lancashire OnLine Parish Clerks kabla hamjalipia chochote. Kurasa za sensa pia mtazisoma bila malipo kwenye kompyuta za maktaba nyingi za umma. Mkilipia, lipieni cheti hiki cha ndoa na kile cha kifo cha bwana kati ya 1851 na 1861, ambacho kitataja ugonjwa. Kwa watu waliokaa kwenye unyevu na vumbi la pamba, mara nyingi ni kifua.

Na kwa kuwa mko Burnley, wapelekeni watoto Queen Street Mill pale Harle Syke siku iliyofunguliwa. Ni kiwanda cha miaka ya 1890, baadaye kidogo kuliko watu wenu, lakini vitanda mamia bado vimepangwa mle na vilikuwa vikiendeshwa na injini ya mvuke iitwayo Peace. Wakiwasha vichache tu mtaelewa kwa nini wafumaji wa Lancashire walijifunza kusoma midomo. Chungulieni kile kidude cha mti kinachoruka huku na huku kikivuta mshindio: wafumaji walivuta uzi upite kwenye tundu lake kwa kunyonya kwa mdomo, chombo kimoja vinywa vingi, na magonjwa yakapita humo humo.

Cheti cha ndoa kikifika, tazama mwisho kabisa, mahali pa saini. Kama bwana ametia jina na bibi ametia alama ya X, au kinyume chake, niandikie uniambie, na unitumie picha ya ukurasa mzima wa 1861, si mistari ya familia yenu pekee. Nataka kuona majirani.